Sakafu ya mvule, kasuku wa Kapteni na dawa niliyoichanganya mwenyewe

Wakuu, nawasalimu nyote, mnaofuga ndege na msiofuga.

Juzi humu ndani kuna ndugu aliuliza kwa nini kasuku wake amekufa siku moja tu baada ya kupigwa deki sebuleni na dawa kali. Wengine mkamcheka. Mmoja akaandika kwamba karogwa na jirani.

Mimi sikucheka hata kidogo. Nilizima simu nikaenda kukaa barazani, nikarudi nikasema leo naandika.

Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu na kuyafanya kwa mikono hii, ambayo siku hizi inauma viungo na inaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnisamehe nikikosea herufi. Majina nimebadilisha. Mengine yote yako jinsi yalivyokuwa. Anayeona naongeza chumvi aseme, nipo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mzaliwa wa Kibuli, Kampala, ng'ambo tu ya Nsambya. Babu wa babu yangu alitoka pwani na misafara ya biashara, akaoa huku, akabaki. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya chakula na ya ugomvi. Mtaani ilikuwa tofauti. Miaka ile ya sabini, enzi za jeshi, ukiongea Kiswahili barabarani watu wanadhani wewe ni askari, wanakupisha njia.

Baba yangu alikuwa fundi wa sakafu za mbao. Zile nyumba kubwa za Kololo na Nakasero zenye vipande vya mvule vilivyopangwa mfano wa mkeka, nyingi zimepita mkononi mwake. Kaka zangu waliikimbia kazi hiyo kwa sababu inaumiza magoti. Mimi, mtoto wa kike, niliipenda tangu mdogo. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikuwa naweza kupita na mkono juu ya sakafu nikakwambia kipande kipi kimeingia maji.

Najisifu, ndiyo. Huu uzi ni wa kujisifu, mjue mapema. Ila kabla ya kufika kwenye sifa kuna aibu, na aibu yenyewe ni yangu.

Baba alipata ugonjwa wa kifua, akawa hawezi tena kuinama. Kazi tukawa tunaifanya mimi na mzee Lubega, Mganda mmoja mpole aliyefanya kazi na baba tangu sijazaliwa. Huyu mzee alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Mimi nikimwita baba mdogo, yeye akiniita mwana wange, yaani mwanangu.

Sasa wakati ule madukani hakuna kitu. Wahindi wameshafukuzwa, maduka wamepewa watu wasiojua hata kuagiza sabuni. Polishi ya kopo ya sakafu imekuwa hadithi. Kila fundi anachanganya yake jikoni.

Na mimi nikachanganya yangu.

Nilichukua vipande vya mishumaa, nikayeyusha, nikatia petroli. Halafu, hapa ndipo nilipojiona mjanja kuliko wote, nikasagia humo vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini. Hesabu yangu ilikuwa kwamba sakafu ing'ae, na hapo hapo mende na mchwa wahame. Dawa moja, kazi mbili.

Baba alinusa kopo mara moja akageuza uso. Akasema, "Hii ya nani?"

Nikamwambia yangu.

"Inang'arisha," akasema, "lakini nyumba inakaliwa na watu, siyo na sakafu peke yake."

Nilinuna wiki nzima. Nikajiambia mzee ana wivu. Wateja wanaipenda, mende wanakimbia, yeye anataka nini? Wakuu, ujana ni kitu kibaya sana.

Basi, kulikuwa na Kapteni mmoja alipewa nyumba Kololo, iliyoachwa na familia ya Kihindi. Mtu wa West Nile, kule kaskazini alikotoka rais wa wakati ule, mrefu, macho mekundu ya kukosa usingizi. Mke wake tulimwita Mama Candiru, kwa jina la binti yao mkubwa. Mama yule alikuwa mtu wa watu. Ukienda kwake hutoki bila kunywa chai, hata kama sukari yenyewe imepatikana kwa kubahatisha.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na ndege watatu. Wawili walikuwa vindege vidogo vya manjano, vya kuimba. Hao waliachwa kwenye tundu lao na wenye nyumba, na Mama Candiru akawachukua akawalea sebuleni. Alikuwa akisema kwamba mwenyewe aliondoka bila kuaga, basi angalau ndege wake waishi.

Wa tatu alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye Kapteni alimtoa mpakani mwa Kongo. Aliitwa Koplo. Kapteni mwenyewe ndiye aliyempa cheo hicho, na akipita karibu naye Koplo anapiga kelele, "Afande!" Kitu pekee kilichokuwa kinamchekesha yule mwanamume ni hicho.

Kuna jambo moja mlishike, maana kila kitu kinazunguka hapo. Kapteni aliogopa watu. Sijui alikuwa amefanya nini au ameona nini, na wakati ule hukuuliza. Ila amri ya nyumba yake ilikuwa hivi: madirisha ya upande wa barabara hayafunguliwi kamwe, na mapazia yanakaa yamefungwa. Jua liwake, mvua inyeshe, hayafunguliwi. Kuna askari mlangoni kazi yake ni kuhakikisha hivyo.

Siku ya kung'arisha sebule ilipofika, mimi nilikuwa na kazi nyingine Nakawa. Mzee Lubega akaenda peke yake. Kopo la dawa nilimpa mimi mwenyewe, mkononi. Nikamwambia, "Baba mdogo, usiibanie, paka nyingi."

Akapaka nyingi.

Alifanya kazi kutwa nzima katika chumba kilichofungwa. Baadaye alinisimulia kwamba kichwa kilimuuma na macho yalimtoka machozi, lakini akadhani ni uzee. Sakafu iling'aa ukaweza kujiona sura.

Jioni Mama Candiru akaenda kufunika tundu la ndege wadogo. Akawakuta wote wawili wamelala chini ya tundu, miguu juu.

Kwa mtu wa kawaida hiyo ni huzuni. Kwa Kapteni ilikuwa ushahidi. Alisema kuna mtu ameingiza sumu nyumbani mwake, na ndege wameila kabla yake. Na nani mgeni aliyeingia siku hiyo? Mzee Lubega.

Wakamfungia stoo, nyuma ya nyumba.

Asubuhi mke wa mzee Lubega akaja kwetu Kibuli bila viatu. Alikuwa ameambiwa na askari mmoja mwenye huruma kwamba mzee atahojiwa, na kisha Jumamosi jioni watakuja watu na gari kumpeleka "kule". Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Enzi hizo hakuna aliyeuliza kule ni wapi. Waliopelekwa kule hawakurudi kusimulia.

Yule mama aliposema ndege wamekufa bila damu wala jeraha, mimi nilikaa chini. Nilielewa pale pale.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, anakohoa. Akanitazama. Hakusema, "Nilikwambia." Hadi leo namshukuru kwa kutosema hivyo.

Alisema tu, "Ndege ana kifua kidogo kuliko changu. Ile dawa yako mimi nikiinusa tu nashindwa kupumua."

Mama yangu akalia akanikataza nisitoke. Alisema nikienda watatupotea wawili badala ya mmoja. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini jamani, mzee wa watu amefungwa kwa kopo nililompa mimi, halafu nikae nyumbani nipike? Nilivaa buibui langu nikaenda.

Mama Candiru ndiye aliyenifungulia. Macho yamevimba. Nikamwambia nina neno moja tu la kuuliza kabla hajanifukuza.

"Mama, Koplo yuko wapi?"

"Koplo iko. Iko mzima," akasema. "Jana iliota jua huko veranda ya nyuma, tangu asubuhi."

"Na chakula chake?"

"Mutama ni ile moja. Maji ni ile moja. Mimi mwenyewe nawapa."

Nikamwomba anipeleke kwa mzee wa nyumba.

Kapteni alikuwa amekaa sebuleni, gizani, mapazia yamefungwa. Ile harufu ya dawa yangu bado imejaa chumbani. Nilipoivuta niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

"Wewe nani?" akasema. "Nani nakupa ruhusa kuingia hapa?"

Nikamwambia mimi ni binti wa fundi wa sakafu. Nikamweleza kuhusu mtama. Kwamba ndege wote watatu wamekula kopo moja na kunywa mtungi mmoja, na aliyekuwa nje amepona. Kama sumu ingekuwa kwenye chakula, Koplo naye angekuwa amekufa. Kilichowaua kilikuwa hewani, ndani ya chumba hiki.

Akauliza, "Hewa imetoka wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema labda ni joto.

Nikasema, "Imetoka kwenye dawa ya sakafu. Na dawa hiyo niliichanganya mimi. Mzee Lubega hajui hata kilichomo."

Kapteni alisimama. Nilijua sasa yameisha.

"Basi adui ni wewe."

"Mimi ni mjinga, afande. Adui siyo."

Sijui nilitoa wapi jibu lile. Mama Candiru alikuwa mlangoni ameshika khanga mdomoni.

Kapteni alizunguka chumba mara mbili. Halafu akasema maneno ninayoyakumbuka yote. "Sikia. Nyinyi watu ya Kampala mnajua kusema sana. Mimi nataka kuona. Jumamosi wewe nakuja hapa. Nasafisha floor hii, yote, na dawa ingine. Halafu Koplo nakaa hapa ndani mpaka jua nalala. Koplo ikiwa mzima, muzee yako naenda nyumbani. Ikikufa..."

Hakumalizia. Sikumwomba amalizie.

Wakati wa kutoka walinipitisha karibu na stoo. Mzee Lubega alikuwa kwenye kidirisha chenye nondo, uso umevimba upande mmoja.

"Mwana wange, rudi kwa nyumba," akaniambia. "Mimi niko sawa. Rakini mwambie baba yako mimi sikuweka kitu mbaya."

Nililia njia nzima hadi Nsambya.

Nilikuwa na siku mbili na kitu. Nikakaa chini na baba, na kwa mara ya kwanza tangu niote kiburi, nikamwuliza angefanyaje yeye.

Alisema hakuna petroli, hakuna mafuta ya taa, hakuna kidonge, hakuna kitu chochote kinachoruka kwenda puani. Zamani, kabla ya makopo, walitumia nta ya nyuki na mafuta ya kula kidogo sana, na nguvu ya mkono. Nguvu ya mkono ndiyo inayong'arisha, dawa ni msaada tu.

Nta nitaipata wapi? Hapo ndipo Mungu alipotenda. Siku ile ile Mama Candiru alimtuma mtumishi wake wa kike na kifurushi. Ndani kulikuwa na masega makavu, mabaki ya asali waliyomletea kutoka kwao Arua, na chupa ndogo ya mafuta ya simsim, yaani ufuta. Alikuwa amemsikia mumewe akitaka dawa nyingine, akakisia mwenyewe. Yule mama alikuwa upande wangu na hakuthubutu kusema.

Niliyeyusha nta nje uani, kopo ndani ya sufuria ya maji, moto mdogo. Nikaichuja na kitambaa. Nikaweka mafuta ya simsim kijiko kwa kijiko, maana yakizidi sakafu inanata na vumbi linakaa. Ikapoa ikawa laini, ukigusa kwa kidole inayeyuka. Ilinukia asali.

Baba akasema haitoshi kunusa sisi. Tunahitaji mwenye kifua kidogo.

Mama alikuwa na jogoo mmoja mwekundu, anampenda kuliko sisi wengine wote. Nilipaka nta ubao mzima, nikausugua, nikauweka ndani ya tenga, nikamwingiza jogoo juu yake nikafunika na gunia. Mama alipojua alinifukuza na mwiko. Lakini jogoo alikaa humo tangu Alhamisi mchana hadi Ijumaa baada ya sala. Alipotoka alikuwa amenuna tu. Akawika, akaenda zake.

Nilimbusu yule jogoo, wallahi.

Jumamosi nilifika Kololo jua linachomoza, na ndoo mbili, vitambaa vya pamba, ndimu nilizonunua Nakawa, majani ya msasa ya kusugulia, na blanketi kuukuu la baba. Kapteni alikuwa tayari amekaa kwenye kiti chake. Koplo yuko kwenye tundu pembeni yake. Askari yuko mlangoni, bunduki begani.

Nikasema, "Afande, kabla sijaanza, madirisha yafunguliwe. Yote."

Askari akasema, "Hapana. Amri ni amri."

"Basi siwezi kuanza."

Kapteni ananitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Nami sikuokota kitambaa. Nilijua kwamba hata nta ya asali nikiisugua juu ya mabaki ya ile dawa katika chumba kilichofungwa, Koplo hatafika mchana.

Na hapo Mama Candiru akaongea. Taratibu, bila kumtazama.

"Baba Candiru. Siku ile ndege zilikufa, dirisha ilifungwa na amri yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyekuwa amethubutu kulisema hilo. Mimi nilijua tangu Jumatano, na niliogopa kulisema. Nilikuwa nimejilaumu kwa dawa, ambayo ni kweli, ila nusu nyingine niliimeza.

Kapteni akapitisha mkono usoni. Halafu akapaza sauti, sauti ya gwaride:

"Fungua dirisha!"

Askari akafungua moja.

"Fungua dirisha! Yote!"

Wakuu, mapazia yalipovutwa, mwanga uliingia kwenye chumba ambacho sidhani kilikuwa kimeona jua tangu wenyewe waondoke. Upepo wa kilimani ukapita. Nikamwomba Kapteni kitu kimoja zaidi: Koplo akae chumba cha mwisho wa korido, mlango umefungwa na kitambaa kibichi chini yake, mpaka sakafu ikauke. Bado atakuwa ndani ya nyumba. Akakubali kwa kichwa.

Sasa kazi.

Kwanza nilifagia kwa ufagio laini uliolowa kidogo, vumbi lisiruke. Kisha maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche iliyokunwa kidogo sana, na ndimu. Kitambaa unakikamua hadi hakitoi tone. Mbao siyo saruji, ukizimwagia maji vipande vinavimba na kunyanyuka. Unafuata uzi wa mbao, eneo la mkeka mmoja, unafuta, unakausha hapo hapo, ndipo unasogea. Maji nilibadilisha mara kumi na moja. Yale ya mwanzo yalitoka meusi yananuka petroli, na kila ndoo niliyomwaga nilijisikia nimemwaga ujinga wangu.

Mahali palipokuwa na madoa magumu nilisugua kwa majani ya msasa, nikafuta unga wake kwa kitambaa kibichi mara moja.

Upepo ukawa unabamiza madirisha. Kila yule askari akisikia mshindo anakimbilia kufunga, mazoea. Na kila akifunga, Kapteni anamfokea, "Fungua dirisha!" Nadhani ilitokea mara saba au nane. Mwisho hata Mama Candiru akacheka.

Sakafu ilipokauka nikapaka nta, nyembamba sana, kwa mduara. Nikasubiri. Kisha nikafunga tofali ndani ya blanketi la baba nikaanza kulivuta, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mgongo ulikufa ganzi. Kazi ya magoti waliyoikimbia kaka zangu niliibeba mimi.

Saa tisa alasiri niliinuka nikatazama.

Haikung'aa kama kioo, sitadanganya. Iling'aa kama ngozi ya mtu aliyejipaka mafuta asubuhi. Rangi ya mvule ilitoka yote, ile kahawia yenye dhahabu ndani yake. Niliiona kazi ya baba yangu pale chini, kipande kwa kipande, jinsi alivyoipanga akiwa kijana. Nilijisikia fahari ambayo hata siku ya harusi yangu sikuipata, na mume wangu marehemu anisamehe.

Wakamleta Koplo, wakamweka katikati ya chumba.

Tukakaa.

Haikupita muda mrefu, Koplo akafungua mdomo. Akaanza kuhema. Mkia unapanda na kushuka, unapanda na kushuka.

Kapteni akasimama. Askari naye akasogea.

Mimi nilipiga magoti mbele ya tundu. Kichwani hakuna kitu, ni dua tu. Nikaweka mkono juu ya tundu, na mkono ukaungua. Jua! Dirisha la magharibi lilikuwa wazi na jua lote la alasiri linampiga Koplo mgongoni. Ndege wa watu alikuwa anaona joto. Nikamsogeza kivulini, nikambadilishia maji. Akanywa. Akanywa tena. Akafunga mdomo, akajikung'uta manyoya.

Tukakaa tena hadi jua linaanza kuzama. Kapteni akainuka, akasimama mbele ya tundu, mikono nyuma. Koplo akamtazama kwa jicho moja.

"Afande!" akasema.

Sijawahi kusikia neno tamu kama lile.

Kapteni akatoa sauti, sijui kicheko sijui nini. Akasema, "Huyu si Koplo tena. Huyu ni Sajini." Kisha akamgeukia askari wake. "Toa ile muzee. Peleka nyumbani na gari yangu. Nakaa mbele, siyo nyuma kwa buti."

Mzee Lubega alipotoka stoo hakuweza kunyooka vizuri. Lakini alipopita sebuleni alisimama, akainama kwa shida, akapitisha kiganja chake sakafuni. Alinitazama.

"Mwana wange," akasema, "hii ni kazi."

Wakuu, nina vyeti, nimepewa na hawa na wale baadaye maishani. Hakuna kimoja kinachofika hapo.

Kapteni sikumpenda, mnielewe. Alimpiga mzee asiye na kosa na sitamsafisha. Ila kuanzia siku ile madirisha yake yalikuwa wazi, na mimi nilikuwa nakwenda pale kila mwezi na kopo langu la nta.

Kabla serikali ile haijaanguka, Kapteni naye alipelekwa kule. Siku moja aliitwa kazini na hakurudi. Vita vilipofika Kampala na familia za kwao zikakimbilia kaskazini, Mama Candiru alipita Kibuli asubuhi moja, lori linamsubiri barabarani. Alinipa tundu la Sajini. Alisema kwamba njia ni ndefu na watoto ni wengi, na mimi ndiye ninayejua kumfanya aishi.

Aliishi. Aliishi nasi miaka mingi mno, alimzika baba na alimzika mzee Lubega, ambaye alikufa kitandani kwake, mzee kabisa, amezungukwa na wajukuu.

Mama Candiru alirudi Kampala watoto wakiwa wameshakuwa watu wazima. Alikuja Kibuli bila taarifa. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akakaa sakafuni badala ya kwenye kiti, miguu ameinyoosha. Sakafu yangu ni mvule, niliipanga mwenyewe.

Mimi nilikuwa jikoni naandaa chai. Wingu lilikuwa limetanda na mjukuu wangu akaja akafunga dirisha la sebuleni.

Na Sajini, kutoka kwenye kona yake, kwa sauti ya gwaride, sauti ya mtu ambaye hana hata kaburi:

"Fungua dirisha! Yote!"

Nilikimbia sebuleni. Mama Candiru alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya mbao, machozi yanamtiririka, na anacheka. Akamwambia mjukuu wangu, "Fungua, mwanangu. Baba amesema."

Basi, ndugu uliyefiwa na kasuku, pole sana. Hukurogwa. Hewa inayokuuma wewe macho ndiyo inayomuua yeye. Mtoe chumbani kabla hujaanza. Tumia maji kidogo, sabuni kidogo, nta isiyo na petroli, na mkono wako. Na kama umekosea, kama mimi, sema umekosea mapema, kabla mtu mwingine hajalipia.

Nimemaliza, karibuni na komenti zenu, hata za kunibishia. Ila mwenye ndege ndani ya nyumba asianze kuandika kwanza. Ainuke, akafungue dirisha.